Furu wa Mama

Kikundi: Nyumbani Magu

JUMATANO USIKU

Doto: Shikamooni wakubwa zangu. Huku Tanga masika yamekaza, mvua tangu mchana. Nimekaa dirishani na chai ya rangi, lakini moyo wote uko kwenye michembe ya viazi ya Mama na karanga. Nani anayo?

Kulwa: Pacha wangu, hapa Mwanza ipo. Kesho napita Igoma, nitakununulia.

Doto: Asante, lakini ya kununua ulinitumia mwaka jana. Niliichemsha, nikaila, ikawa viazi vikavu tu. Mama anaanika viazi vizima kwanza mpaka vinyauke, ndipo anamenya na kukata. Ule utamu unatoka hapo.

Neema: Mama ananiambia niandike: "Marahaba Doto. Umesema kweli. Kiazi kikinyauka kinakolea utamu. Wenye haraka wanakata siku hiyohiyo ya kuchimba. Yangu tuliianika Julai, imebaki debe moja kasoro. Nitakugawia."

Doto: Mama, machozi yamenitoka.

Neema: Mama anauliza, na matobolwa je, yale ya kuchemshwa kwanza ndipo yanaanikwa, hutaki?

Doto: Nataka!! Yale nitayatafuna kazini bila hata kuyapika.

Mwajuma: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Wifi Doto, unalilia michembe na uko kwenye nazi! Mimi huku kisamvu cha nazi nakiota usiku. Nazi zinafika Mwanza kwa malori kutoka huko pwani, na siku nyingine nikivunja tatu, moja imeoza. Mbuzi yangu niliyokuja nayo kutoka Pangani iko juu ya kabati, imekosa kazi. Sato wenu ni mtamu, sikatai, nimemtia nazi mara nyingi na Kulwa anamaliza sahani. Lakini mkate wa kumimina wa bibi yangu, ule mchele uliolowekwa ukasagwa na tui zito na iliki, sijaupatia hata mara moja. Unaumuka vizuri, ladha haiji.

Kulwa: Mbona kwangu uko sawa kabisa?

Mwajuma: Kwa sababu hukuwahi kula wa bibi.

Shangazi Mwaloni: Marahaba wanangu. Ndio kwanza naingia nyumbani. Doto, kwenye huo mzigo nitaongeza dagaa, ila uvumilie. Mwezi ni mpevu, mitumbwi imelala. Dagaa anafuata taa, na mwezi ukiwaka namna hii taa haina kazi. Giza likirudi nitakuchagulia wa chanja. Wa mchangani utatafuna mawe mbele za wageni.

Doto: Asante Shangazi. Mama, na wewe unatamani nini? Kila siku ni sisi tunaokuomba.

ALHAMISI ASUBUHI

Neema: Jana nilipomsomea Mama swali la Doto alinyamaza, akaenda kulala. Asubuhi hii tukipeta mchele ameanza kusema mwenyewe. Naandika kama alivyosema.

"Mwangaluka wanangu. Mimi natamani furu. Sio sato, sio sangara, furu. Nilipokuwa msichana baba alirudi ziwani na kapu limejaa, wadogo wadogo wa kila rangi, wengine tumbo jekundu, wengine wa samawati. Mama yetu aliwaanika wakawa wakavu kama ganda, na hao ndio walikuwa mboga ya mwezi mzima. Anawachemsha na nyanya na chumvi, mwishoni anatia karanga zilizotwangwa. Ugali ni wa mtama. Tulikula kimya, kwa sababu ya miba. Ukiongea unakwamwa.

Na ningu. Mvua zikianza ningu walipanda Mto Simiyu kwenda kutaga, mto unachemka samaki. Watoto tulishuka na vikapu. Baadaye watu wakaanza kutega nyavu pale mtoni mwanzo hadi mwisho, hata wenye mayai hawakupita.

Nilipoolewa na baba yenu mwaka 1983 furu nilimpikia. Kulwa na Doto mnaanza shule, kila wavu ukivutwa ni sangara. Mwanzo hatukumpenda. Ana mafuta mengi, ukimwanika juani hakauki, anaoza. Ikabidi abanikwe kwa moshi, na sisi wanawake tukawa tunafuata kuni mbali, vichaka vya karibu vyote vikaisha. Sitamsema vibaya, ada zenu zilitoka kwa sangara. Lakini Doto umeniuliza, na mimi nimejibu."

Doto: Mama. Miaka yote hii hukuwahi kusema.

Neema: Anasema hakuna aliyemuuliza.

Kulwa: Nimesoma nikiwa ofisi ya walimu, nikaingia darasani nimechelewa. Mama, hilo jambo nalifundisha. Kwamba sangara hakuwa samaki wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950, na alipoongezeka miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zikatoweka. Kila mwaka naliandika ubaoni na wanafunzi wananakili. Sikujua kwamba naandika habari za mboga ya mama yangu.

Mwajuma: Pole Mama. Mimi nazi yangu ipo, iko mbali tu. Yako ilitoka ziwani kabisa.

Shangazi Mwaloni: Wifi yangu, sasa mimi niko soko la samaki la Mwaloni miaka yote hii, umeshindwa kunituma? Furu wapo! Si wa aina zote ulizoziona wewe, na si wengi kama wale, lakini wapo. Wanaingia kwenye nyavu za dagaa. Wachuuzi wengine wanawatenga kando, wanawauza fungu la kulishia kuku.

Neema: Mama amerudia mara mbili: "Kuku! Kuku wanakula furu!" Sasa amesimama.

Shangazi Mwaloni: Mwambie akae. Giza likirudi nitakuwa pale alfajiri mitumbwi ikitia nanga, nitachagua mmoja mmoja.

Mwajuma: Shangazi, tutaenda wote. Nataka kuwaona.

JUMAMOSI

Doto: Wifi Mwajuma, nimepata nazi ishirini, nimesema waziache na makumbi yake. Zile za mwaka juzi zilishushwa stendi isiyo yake zikakaa juani wiki nzima, safari hii namkabidhi kondakta mkononi na namba yake naichukua. Kulwa uwe Nyegezi siku nitakayokwambia, usichelewe.

Kulwa: Nitafika kabla ya basi.

Doto: Na chini ya nazi nimeweka iliki. Bibi yako alitia ngapi?

Mwajuma: Hakupima. Alitwanga kiganjani mwake kwa jiwe. Labda ndio hapo ninapokosea, mimi natumia ya unga ya pakiti.

IJUMAA ILIYOFUATA

Shangazi Mwaloni: [picha] Wifi, angalia sinia hilo. Tuko hapa tangu saa kumi na moja, Mwajuma ndiye mshika tochi. Mwenye mtumbwi ameuliza nina kuku wangapi. Nimemwambia furu hawa ni wa wifi yangu wa Magu, akapunguza bei.

Mwajuma: Mama, wana rangi kama samaki wa mwambani kwetu! Nilidhani wote ni wa kijivu.

Kulwa: Leo nimeomba ruhusa shuleni. Niko Nyamhongolo na ndoo ya barafu, gari la Magu linajaza.

Neema: Mama ametwanga karanga tangu jana. Mtama pia ameusaga upya, wa kwenye ndoo ameukataa. Jikoni haingii mtu.

Kulwa: Nimeshuka. Mama amechukua ndoo kabla hajanijibu salamu.

Neema: [picha ya chungu]

Neema: Naandika anavyosema: "Shangazi yenu, na wewe Mwajuma mkwe wangu, Mungu awabariki. Hawa ni wadogo kuliko wa baba. Yule wa tumbo jekundu sikumwona humo. Miba ni ileile. Nimekula kimya."

Doto: Ningekuwepo Mama.

Neema: Anasema furu sita amewatenga, wako juu ya bati wanakauka. Watakuja na michembe yako, debe lote kasoro kibaba kimoja alichobakiza. Kulwa anarudi na mzigo Jumapili, Jumatatu upande basi la Tanga.

Doto: Debe lote? Mama atakula nini?

Neema: Anasema Julai si mbali.

Mwajuma: Na nazi zimefika jana usiku, ishirini zote nzima. Mbuzi nimeiteremsha kabatini, mchele nimeuloweka.