MREJESHO: Chumba cha nyuma kinachovuja theluji ikianguka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu chumba tulichoongeza nyuma ya nyumba hapa Minneapolis, theluji ikikaa juu tu maji yanaanza kudondoka kwenye kona ya dari, wakati mvua za kiangazi hakuna hata tone. Aliyesema ni joto la ndani linayeyusha theluji, maji yanashuka mpaka ukingoni yanaganda, yanayofuata yanakosa njia yanaingia chini ya vigae, asante sana, ndo penyewe.

Ile soksi mliyoshauri, iliyojazwa kalsiamu kloraidi (chumvi ya kuyeyusha barafu), niliilaza juu ya barafu ikachimba kamfereji ka kupitisha maji, ila ni huduma ya kwanza tu. Reki ya mpini mrefu, ya kuvuta theluji kutoka juu ya paa ukiwa chini, imesaidia zaidi. Uliyeshauri nipasue barafu kwa shoka, mkuu hapana, vigae kwenye baridi hii vinakatika!

Dawa yenyewe ilikuwa darini, upenyo uliokuwa unapitisha joto pale ukuta wa zamani unapokutana na ekstensheni, fundi kauziba kwa povu akaongeza insulesheni (nyenzo ya kuzuia joto lisipite). Theluji ya juzi barafu ukingoni ilikuwa kidogo na dari haikudondosha, japo kona bado ina unyevu. Bati la maungio, lile linaloziba pale paa linapokutana na ukuta, tutalifumua joto likirudi, maana gundi ya vigae haishiki kwenye baridi.