Laana ya Tutankhamun: mkosi kweli, kuvu, au hesabu mbovu?

Mtoa mada
Wakuu, Novemba 1922 mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alifungua kaburi la farao Tutankhamun katika Bonde la Wafalme, Misri. Mfadhili wake, Lord Carnarvon, akafia Cairo tarehe 5 Aprili 1923. Tangu hapo inasemwa kwamba kila aliyelisumbua kaburi lile aliondoka na nuksi. Swali ni moja tu: ushahidi upo au haupo? Anayetaja marehemu ataje na mwaka.

Bundi
Naanza mimi, najua nitashambuliwa. Carnarvon, 1923. George Jay Gould, tajiri wa reli wa Marekani, alitembelea kaburi akafa kwa nimonia Mei mwaka huohuo. Arthur Mace, msaidizi mkuu wa Carter, 1928. Richard Bethell, katibu wa Carter, 1929. Na inasemekana taa za Cairo zilizimika usiku aliokufa Carnarvon. Mkiita hiyo bahati mbaya, basi bahati mbaya hiyo ina bidii sana.

Mwanahesabu
Mkuu, orodha yako umeianzia makaburini, ndiyo maana imejaa maiti. Umeokota waliokufa, walio hai umewaruka. Lady Evelyn, binti wa Carnarvon, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuingia, akaishi hadi 1980. Douglas Derry ndiye aliyeipasua maiti ya mfalme kwa kisu, Novemba 1925. Kama laana ina pa kuanzia, ni kwake. Alikufa 1961. Harry Burton, mpiga picha, 1940. Carter mwenyewe 1939, akiwa na miaka 64, baada ya kushinda mle ndani karibu miaka kumi.

Anayetaka kupima mkosi aanze kwa kuandika majina ya wote waliokuwa Misri na msafara, kabla hajatazama nani kafa lini. Kisha aamue "kuguswa na laana" maana yake nini: kuwepo mlango ulipovunjwa, jeneza lilipofunguliwa, au maiti ilipochunguzwa. Waliobaki nje ndio kundi la kulinganishia. Kwenye kuhesabu muda ndipo wengi huteleza: miaka ya mtu ihesabiwe tangu siku aliyoguswa. Ukimhesabia Derry tangu 1922, umempa miaka mitatu ya bure ambayo asingeweza kufa, kwa sababu angekufa asingekuwemo kwenye orodha.

Kazi hiyo ilifanywa na Mark Nelson wa Australia, ikachapishwa katika jarida la kitabibu la British Medical Journal mwaka 2002. Alichukua watu 44 wa nchi za Magharibi waliotajwa na Carter. 25 kati yao waliguswa. Wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 70 kwa walioguswa na 75 kwa wasioguswa.

Bundi
Hapohapo! Miaka mitano pungufu. Umenisaidia kazi.

Mwanahesabu
Nilijua utairukia hiyo. Na kuna nyingine ungeipenda zaidi: baada ya kuguswa waliishi wastani wa miaka 20.8, wenzao 28.9. Lakini ni watu wachache, na kwa kundi dogo hivyo wawili watatu waliofika miaka 90 wanatosha kuuvuta wastani. Pia wanawake walielekea kuishi zaidi, kwa hiyo jinsia lazima iingizwe kwenye hesabu kwanza. Nelson alipomaliza, tofauti iliyobaki haikuzidi ile inayotokea kwa kubahatisha tu.

Carnarvon naye sababu yake inajulikana. Mbu alimuuma shavuni, akapitisha wembe juu ya kidonda wakati wa kunyoa, kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu, nimonia ikamalizia. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ajali ya gari miaka mingi nyuma, na penisilini iligunduliwa 1928. Taa nazo, Cairo ya siku zile umeme kukatika halikuwa jambo la kushangaza.

Vumbi la Kale
Nyote wawili mmelipita jambo la msingi. Tuache majini, tuzungumzie kuvu. Mwaka 1973 huko Kraków, Poland, kaburi la mfalme Casimir IV lilifunguliwa, na watafiti kadhaa wakafa baadaye. Mle ndani ilipatikana Aspergillus flavus, kuvu ileile inayozalisha sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kaburi la Tutankhamun nalo lina madoa ya kahawia kwenye kuta za chumba cha maziko, na madoa hayo yametokana na vijidudu. Chumba kilifungwa zaidi ya miaka 3,000, tena kilipigwa rangi na kuzibwa kabla hakijakauka vizuri. Kwa nini isiwe hiyo?

Mwanahesabu
Dhana nzuri kuliko ya Bundi, ila ina matundu. Kuvu ya kuvutwa puani kwa kawaida huanzia mapafuni. Ugonjwa wa Carnarvon ulianzia kwenye ngozi ya shavu. Halafu, Aspergillus humkamata zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka, kwa hiyo ingeeleza kifo cha Carnarvon pekee, si "laana" ya watu wote. Aliyemeza vumbi la mle kuliko mgeni yeyote ni Carter, na kilichomuua ni saratani ya tezi za limfu.

Kipimo nacho kilifanyika. Alfred Lucas, mkemia wa kikosi, alipitisha pamba tano safi ndani ya chumba cha maziko, na kilichopatikana kikaoteshwa maabara. Nne hazikuotesha kitu. Ya tano ilikuwa na vijidudu vichache, na hivyo vilitokana na hewa ya nje.

Vumbi la Kale
Pamba tano ni chache mno kwa chumba kizima, na kuotesha maabara kwa mbinu za miaka ya 1920 hakukukamata kila aina ya kuvu. Ila nakubali kuhusu madoa: taasisi ya uhifadhi ya Getty iliyalinganisha na picha za Burton, ikakuta hayajaongezeka. Vilivyoyafanya vilikwisha kufa zamani. Hata hivyo simshauri mtu kuingia kaburi lililofungwa bila kuliacha lipate hewa kwanza, na barakoa yenye kichujio, si kitambaa. Kinyesi cha popo peke yake kinatosha kukuharibu mapafu.

Msoma Mawe
Mimi nina ugomvi na wanaochukulia kwamba kaburi lilikuwa na laana iliyoandikwa. Halikuwa nayo. Kilichokuwepo ni tofali dogo la kinga karibu na sanamu ya Anubis, mungu wa maziko, lenye maneno ya kuzuia mchanga usizibe chumba. Magazeti yakaongezea ahadi ya kuua wavamizi.

Na magazeti yalikuwa na sababu. Januari 1923 Carnarvon aliuza haki ya habari za kaburi kwa The Times la London, kwa pauni 5,000. Waandishi wengine wote wakabaki mlangoni bila cha kuandika, na mwezi wa nne mwenye kaburi lao akafa. Ungekuwa wewe ungeandika nini?

Laana za kweli zipo, lakini tafuta kwenye makaburi ya Ufalme wa Kale, kama miaka elfu moja kabla ya Tutankhamun. Kule Giza kuna kaburi la mfanyakazi linalomtishia mharibifu kwa mamba, kiboko na simba. Saqqara kuna anayeahidi kumkaba mkosaji shingo kama ndege. Walengwa walikuwa wezi na watu wanaoingia wakiwa najisi.

Bundi
Basi nibakizieni hili. Hesabu ya Nelson ni ya wageni wa Magharibi tu. Wamisri waliobeba mchanga, vikapu kwa vikapu, wako wapi kwenye orodha? Ahmed Gerigar alikuwa msimamizi wao, jina lake tunalo. Wengine je?

Mwanahesabu
Hapo umenishika. Nelson aliwaacha kwa sababu umri wa kuishi wa Wamisri wa wakati ule ulitofautiana sana na wa wageni, na kuwachanganya kungeharibu ulinganisho. Kitaalamu ni sahihi, ila maana yake waliokula vumbi jingi zaidi hawakupimwa kabisa.

Msoma Mawe
Kuna kundi jingine pia halikupimwa. Carter alikuta milango imetobolewa na kuzibwa upya: wezi waliingia mara mbili, muda mfupi baada ya mazishi. Walifuata vito vidogo na mafuta ya thamani, wakaacha alama za vidole ndani ya vyombo vya mafuta. Bundi, hao ndio waliostahili laana. Tuanze nao?

Bundi
Hao wote wameshakufa, mkuu. Ushahidi huo.