Tupeane uzoefu: kuomba heshima za kijeshi kwa ndugu aliyetumikia jeshi la Marekani

Mleta mada (Dallas): Wakuu, tumefiwa na shemeji yangu. Alikuwa jeshini miaka minne, akatoka, akawa dereva wa lori. Watu wanasema hapati bendera ya kufunika jeneza kwa sababu hakustaafu jeshini. Waliopitia hili mlifanyaje?

Mama Watatu: Poleni sana. Hao wanawapotosha. Si lazima awe amefikisha miaka 20 jeshini ya kustaafu, muhimu hakufukuzwa kwa aibu. Tangu Januari 2000 ni sheria: familia ikiomba, wanakuja angalau askari wawili wenye sare, mmoja wao wa tawi lile lile la jeshi alilotumikia marehemu. Wanakunja bendera, wanaikabidhi, na Taps, wimbo wa tarumbeta wa kumuaga askari, unapigwa. Lakini ni *ikiomba*. Mimi nilikaa nikingoja jeshi lipige simu, nikidhani wanajua mume wangu amefariki. Wangejuaje? Mwambieni mtu wa nyumba ya mazishi leo hii, ndiye anayewasiliana nao. Atawadai DD 214, ile karatasi ya kuachia jeshi. Yangu niliitafuta siku tatu, nikaikuta kwenye boksi la spana, ina duara la kikombe cha chai.

Mpwani wa Ohio: Baba yetu tulimzika kesho yake, Kiislamu, askari hawakuwahi. Nikajua basi, imepita. Kumbe hata baada ya maziko unaweza kuomba, wakaja siku ya hitima. Bibi akasema tarumbeta haipigwi ndani, watu wanasoma, kwa hiyo tukatoka wote hadi kwenye maegesho ya magari. Yule kijana akaweka tarumbeta mdomoni, sauti tamu kabisa, ila mashavu hayavimbi! Mjomba akaninong'oneza, "Huyu anatuigizia." Kweli, ndani mna kifaa kinachotoa sauti iliyorekodiwa, kwa kuwa wapigaji halisi hawatoshi. Msishangae.

Omogaka: Sisi tulisafirisha mwili kwenda Kisii, heshima tukafanyia Minneapolis kabla ya safari. Shida ilikuwa bendera. Serikali inatoa moja tu, na mke ndiye wa kwanza kuipewa. Nyumbani, mama mzazi alikuwa ameshaambia kijiji kizima kwamba inakuja. Wazee nao wakataka izikwe na mtoto wao. Bendera haizikwi, inaondolewa kwenye jeneza kabla halijashushwa. Ikawa mvutano pale kaburini, sitaki hata kukumbuka. Mwishowe mjane akaiweka mapajani kwa mama mkwe, ile pembetatu yake ya buluu na nyota juu. Mama alilala nayo. Asubuhi akairudisha, haijakunjuliwa hata pindo moja. Semezaneni mapema nani ataishika.

Mama Watatu: Umeniliza, baba.

Kijana wa Tacoma: Risasi za heshima msizitegemee, haziko kwenye kile cha lazima. Kwetu walikuja wazee wa American Legion, chama cha waliowahi kuwa wanajeshi, wa kujitolea, mmoja ana mkongojo. Wanafyatua mara tatu, na si mizinga 21 kama watu wanavyosema. Waambieni watoto mapema. Wa kwetu walijificha chini ya viti.

Omogaka: Na kama mnazika huko huko, ulizeni makaburi ya taifa ya wanajeshi ya Dallas-Fort Worth. Akikubaliwa, kaburi, kuchimba na jiwe ni bure, na mkewe naye ana haki ya kuzikwa hapo siku yake. Jeneza na nyumba ya mazishi ni juu yenu.

Mleta mada: Mungu awabariki. Dada amepekua nyumba nzima, DD 214 haipo.

Mama Watatu: Iombeni kwenye hifadhi ya kumbukumbu za jeshi, St. Louis. Andikeni wazi kwamba ni ya mazishi, maombi hayo wanayatanguliza. Mimi nilituma kwa faksi.

Mleta mada: Faksi? Nani ana faksi siku hizi?

Mama Watatu: Nyumba ya mazishi wanayo.