Dar hadi Moshi na watoto: tableti, ubao wa herufi au michezo ya mdomo?

MamaWawili: Wakuu habari. Jumamosi alfajiri tunaondoka Dar kwenda Moshi. Watoto wakichoka hugombana njia nzima. Baba yao anataka tununue tableti yenye michezo ya maneno. Mimi nimeona Kariakoo ubao mdogo wa herufi za sumaku, elfu thelathini na tano. Dada yangu anasema tusinunue kitu, vitendawili vinatosha. Mnanishauri nini?

Fundi_Gereji: Wana umri gani? Mnapanda basi au gari lenu? Hapo hujasema lolote.

BibiTausi: Vitendawili, mwanangu. Ila wekeni sharti: anayeshindwa akiambiwa "nipe mji", atoe mji ulio mbele yenu kwenye barabara hiyo hiyo. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Mkishaupita, hautolewi tena. Wajukuu zangu wameijua njia nzima kwa mchezo huo. Waanzie vile vyepesi, nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia miibani. Wakishajua yai na nanasi watataka kutunga vyao wenyewe, na hapo ndipo pana raha.

Mwalimu_K: Shikamoo bibi. Mimi napigia kura mnyororo wa silabi: silabi ya mwisho ya neno moja ndiyo inayoanza neno linalofuata. Wengi hucheza kwa herufi ya mwisho na mchezo unakufa haraka, maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mnabaki kusaka maneno ya A, E, I, O na U tu. Chezeni kwa silabi: mbuzi, ziwa, wali, limau, uzi, zizi. Neno lisirudiwe. Na vitenzi vya ku- vikataliwe, la sivyo atakayepata "ku" atasema kula, kulala, kulia mpaka Moshi.

Mpare_Halisi: Vikataliwe kwa nini? Mtoto mdogo hayo ndiyo maneno anayoyajua. Mruhusu.

Mwalimu_K: Kuku, kuni, kuta, kucha. Nomino zipo tele. Mtoto akiachiwa njia ya mkato hatafuti.

Mama_Lushoto: Mtakalochagua, msiwape daftari na kalamu. Mwaka jana jirani alitusifia ule mchezo wa jina, nchi, mnyama, tunda. Mpaka Mombo mambo yalikuwa mazuri. Tulipoanza kupanda kona za Lushoto watoto wameinamisha vichwa wanaandika, wa kati akanyamaza, akawa mweupe midomoni, kisha akatapika juu ya daftari, juu ya mdogo wake na kwenye kikapu cha chakula. Dereva hakuwa na pa kusimama, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Tulisafiri na ile harufu mpaka juu, mdogo analia, na mkubwa bado anadai pointi zake za herufi M. Sasa hivi kwetu ni mdomo na macho nje ya dirisha, basi.

Fundi_Gereji: Pole sana, mama. Na tableti ni hivyo hivyo, kuinama ni kuinama. Watazame namba za magari. T 482 DKM: herufi tatu za mwisho zitungiwe sentensi. Dada Kapika Mihogo. Malori ya kuelekea Kaskazini hayaishi, kwa hiyo na mchezo hauishi. Asiyejua kusoma ahesabu rangi, njano ni la mtu binafsi, nyeupe ni la biashara.

Mpare_Halisi: Na STK je? Hiyo ni ya serikali, nayo ina herufi tatu.

Fundi_Gereji: Ikitokea STK, wa kwanza kuiona anapata pointi mbili.

MamaWawili: Samahani wakuu, nimechelewa kujibu. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo mitano, bado hajajua kusoma. Gari letu.

Mwalimu_K: Basi ubao wa herufi ni wa mmoja tu. Mdogo atabaki kuzitupa chini ya viti.

Kijana_wa_Tanga: Wafundisheni kinyume! Silabi ya mwisho inakuja mbele. Maji inakuwa jima, gari inakuwa riga, chakula inakuwa lachaku. "Kanata jima." Sisi tulikuwa tunasengenyana mbele ya wakubwa.

Mpare_Halisi: Mtoto wa miaka mitano ndiyo kwanza anajenga Kiswahili, unamvurugia. Wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza tayari wanasema "kitabu yangu".

Kijana_wa_Tanga: Anayeweza kulikata neno silabi kwa silabi kichwani, kusoma kutamtisha nini?

Mwalimu_K: Hapo naungana na kijana. Darasa la kwanza tunaanza na silabi hizo hizo.

BibiTausi: Msigombane. Mama, alfajiri saa ngapi? Mkitoka saa kumi watalala mpaka Chalinze, hamhitaji mchezo wowote.

Fundi_Gereji: Na vijijini mwisho ni 50, trafiki wapo. Mwambie baba yao asiwe na haraka.

MamaWawili: Baba yao kasoma uzi wote, bado anaitaka tableti. Anasema ataiweka michezo ya kusikiliza tu, watoto wasitazame kioo. Kuna anayejua programu ya vitendawili vya Kiswahili vyenye sauti?

Mpare_Halisi: Mkifika Same mtakuta joto kali. Bebeni maji ya kutosha.

Kijana_wa_Tanga: Machungwa mtanunua Muheza?

Fundi_Gereji: Muheza ni njia ya Tanga, kaka. Wao Segera wanakwenda Korogwe.