Tupeane uzoefu: ufundi uliokaa nao miaka mingi ulianza kukuridhisha lini?

MpigaKanuni: Wadau, salaam. Napiga kanuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, kwenye taarab hapa Unguja, mwaka wa 14 huu. Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kijiti kinachobeba nyuzi, limekalia ngozi ya samaki. Hewa ikijaa unyevu, ngozi inalegea na sauti zinahama. Basi kabla ya kupiga chochote nakaa karibu saa nzima nalinganisha nyuzi. Miaka ya mwanzo niliichukia saa hiyo.

Mwalimu alinipa maqamu ya Rasti tu, yaani ngazi moja ya sauti za Kiarabu, nyimbo baadaye. Sauti yake ya tatu huipati kwenye piano. Imekaa kati ya kibonyezo na kibonyezo. Naipandisha, naishusha, mwalimu anatikisa kichwa. Mwaka wa nane, jioni moja niko peke yangu nalinganisha nyuzi, nikaisikia kabla sijaigusa. Nililia. Tangu hapo saa ile naipenda kuliko onyesho lenyewe. Haya, na nyinyi semeni.

Kalafati: Ndugu yangu, hata kwetu ni sikio. Nakalafati majahazi mwaka wa 22. Pamba inalowekwa mafuta, inashindiliwa kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo. Mimi nilikuwa naukagua mwanya kwa macho tu, mpaka jahazi moja likavuja upande niliofanya mimi. Mzee akanifunga kitambaa machoni: "Piga, sikiliza." Mwanya ulioshiba unalia, wenye njaa unanyamaza. Siku nilipoijua tofauti, nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka daladala.

BintiPemba: Mie nasuka ukili wa mikeka tangu nina miaka tisa. Siku moja kama hizo zenu sikuipata. Ila nilipokuwa eda, mikono iliijua kazi yake, kichwa kikapumzika. Mkeka ule sikuuuza.

Mwanagenzi: Shikamooni. Nina miezi minane najifunza kupiga udi, ala ya nyuzi, vidole vinauma, nataka kuacha. Mlivumiliaje?

MpigaKanuni: Marahaba mdogo wangu. Miaka sikuihesabu, nilikuwa nangoja Alhamisi tu, siku ya mwalimu. Pole kwa vidole. Kwanza mpelekee fundi udi wako autazame. Nyuzi zikiwa juu mno ya shingo, hata mkongwe ataumia. Halafu usiibane risha, kile kipigio cha nyuzi. Ishike kama umeshika kifaranga, piga Rasti taratibu, kisha njoo utuambie.