Yule muuza simu wa Kondele, Kisumu, leo amevuka mpaka

Omena_Kavu: Mnamjua, sitaji jina. Mteja wa kijijini Nyakach amerudisha simu, nyumbani haishiki 4G. Ameambiwa mbele ya foleni: "Simu ni nzima, kijiji chenu ndicho kibovu." Kijiji! Kibovu! Kama kwamba kijiji kina waranti.

Anajua shida ni simu. 4G hupita kwenye bendi, yaani mafungu ya masafa yenye namba. Mashambani inategemea sana bendi 20, yaani 800 MHz, maana masafa ya chini yanafika mbali na kupenya ukuta. Mjini busta (minara) zimebanana, bendi 3 ya 1800 MHz inatosha. Sasa simu nyingi zilizoundiwa kampuni za Marekani zinajua bendi 2, 4, 12, 13, zingine na 3 pia. 20 hazina. Dukani 4G imejaa, kwenu H (3G), ukiingia nyumba ya mabati E (2G).

Watu hawanunui Tecno na itel za laini mbili kwa ushamba. Laini moja ya M-Pesa, ya pili ni ile inayoshika nyuma ya jikoni. Na betri ya 5000 mAh si maringo: netiweki ikiwa hafifu simu inarusha kwa nguvu zaidi, chaji inayeyuka.

"Kijiji chenu ndicho kibovu." Mbele ya watu!

Nyuki254: 😂😂 Kipelekwe kwa fundi kibadilishwe skrini.

Fundi_Bila_Duka: Omera, punguza mahubiri. Samsung piga *#0011# laini ikiwa ndani, uone bendi. Ila ukiwa mjini itakuonyesha 3 na hujajua lolote. Chukua namba ya modeli kwenye mipangilio, tafuta orodha ya bendi zake, usipoona 20 rudisha mfukoni pesa zako.

MamaChips: Laini mbili zipi? Trei zingine ni laini ya pili AU memori kadi. Hilo mbona hawasemi?

Mpakani_Tu: Afadhali nyinyi. Huku Busia simu inarukia Uganda yenyewe, unakaribishwa ng'ambo ukiwa kitandani. Zima romingi ya data (intaneti ya mtandao wa nje), kwenye mipangilio ya mtandao toa otomatiki, chagua wa Kenya kwa mkono.

Nyuki254: Na busta ya Kenya ikizima?

Mpakani_Tu: Unabaki na tochi.

Omena_Kavu: Jamani, uzi ni wa Kondele. KIJIJI KIBOVU!

MamaChips: Ngoja kwanza Omena. Mpakani, hiyo romingi inakula hata ukiwa WhatsApp tu?