Naombeni ushauri: bastola ndogo ya kubeba kazini

Habari zenu wadau. Niko na duka la holseli hapa Nakuru, jioni napeleka pesa benki mwenyewe, na leseni ya silaha nimeshapata. Nilijaribu bastola ya Glock 19 kwa renji (uwanja wa kulenga shabaha), inapiga poa sana lakini nikiinama kitako cha bastola kinachomoza kwa shati, na mimi siku nzima nainua magunia ya sukari mbele ya wateja, sitaki mtu yeyote ajue. Sasa niko kati ya Glock 43, nyembamba lakini magazini ni risasi 6 tu, na Glock 26 yenye 10 ila ni nene. Mngechukua gani? Na holsta (mfuko wa bastola) ya ndani ya suruali, ya ngozi ama plastiki ngumu, gani inafunika triga vizuri bila kuchubua kiuno?